Mchezo Niliomwandikia Mama

Mama alipogundua kwamba nilikuwa nasaga vidonge vyake na kuvitia kwenye uji, hakunigombeza. Aliweka kikombe mezani, akapitisha ulimi kwenye meno kama mtu aliyekuta mchanga kwenye wali, kisha akaniuliza nimeanza lini. Nikamwambia wiki tatu. Akanyanyuka, akamwaga uji kwenye sinki, akaosha kikombe mwenyewe. Kuanzia siku hiyo hakula tena chochote kilichopita mikononi mwangu. Alijipikia chumbani kwake kwa gesi ndogo, mwanamke wa miaka sitini na minane mwenye kidonda kwenye kidole cha mguu, na mimi niliyekuwa nikiishi naye nyumba moja mtaa wa Pioneer nikawa nasikia tu sufuria yake ikigonga upande wa pili wa ukuta.

Ugonjwa wa sukari alikuwa nao kwa miaka kumi na miwili. Muda huo wote alijidunga insulini asubuhi na jioni bila kukosa, chupa zake zikikaa kwenye friji kando ya maziwa, na vidonge alivimeza baada ya chakula bila kukumbushwa. Halafu Jumapili moja alibeba dawa zote kwenye mfuko hadi kanisani kwa Askofu, akaziweka kwenye kikapu kilichowekwa mbele ya madhabahu pamoja na dawa za watu wengine. Alirudi nyumbani akiimba. Vidonge nilivyokuwa nikisaga nilikwenda kuvitafuta mwenyewe. Insulini singeweza kuificha kwenye uji.

Huyo Askofu sitamtaja jina. Ni mtu ambaye ukimzungumzia kwenye chumba cha walimu, chai inapoa. Nusu ya wenzangu waliamini ameteuliwa, nusu waliamini anapaswa kuwa jela, na wa nusu hii ya pili walizungumza kwa sauti ya chini zaidi. Aliwahi kuitwa kuhojiwa na serikali kuhusu vile vikapu, akatoka siku hiyo hiyo akiwa amebebwa mabegani. Kila mara alipotukanwa kanisa lilijaa zaidi.

Sisi tulimjua kabla hajawa mtu. Zamani tuliishi mtaa wa West Indies, mji huu huu, mama akiwa na duka mbele na vyumba sita vya kupangisha nyuma. Baba alikuwa ameshafariki. Mama alikuwa pia na shamba dogo la viazi upande wa Timboroa, na huko ndiko alikomkuta, kijana wa miaka ishirini na kitu akipakia mbao kwenye malori huku akikohoa mpaka anachuchumaa. Mama alimleta mjini juu ya magunia yake ya viazi. Akampeleka kliniki, wakasema ni TB. Nesi akaeleza kwamba dawa ni za miezi minane na kwamba lazima awepo mtu wa kumwona akimeza, kwa sababu wengi wakipata nafuu huacha. Mama akaweka sahihi kwamba mtu huyo ni yeye.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nikisubiri kwenda chuo cha ualimu. Kila asubuhi mama alibisha mlango wa chumba cha mwisho, sahani ya vidonge mkono mmoja na kikombe cha maji mkono mwingine. "Meza nione," alikuwa akisema. Yule kijana alimeza, akafungua kinywa, mama akachungulia mpaka chini ya ulimi. Kuna siku alilia akisema mkojo wake umekuwa mwekundu na sasa anakufa. Mama akacheka, akamwambia ni dawa inapita tu, nesi alisema itakuwa hivyo. Chakula chake mara nyingi ni mimi niliyempelekea. Alikuwa mpole, na alikuwa na sauti. Hata akiomba chumvi ungefikiri anakuambia jambo ambalo hajamwambia mtu mwingine.

Akapona. Akaanza kuhubiri sokoni wakati wa chakula cha mchana, akiwa amesimama juu ya kreti ya soda. Kutoka hapo alipata saa moja ya redio, kisha hema, kisha lile kanisa la mabati linalochukua watu wengi kuliko uwanja wa shule yetu. Na jinsi alivyopanda, ndivyo hadithi ya kupona kwake ilivyobadilika. Mwanzoni alisema alisaidiwa na watu wema. Baadaye watu wema wakatoka. Mwishowe ikawa madaktari walikuwa wamemkatia tamaa, kisha alfajiri moja mkono ukamgusa kifuani akasimama. Mara ya kwanza mama kuisikia redioni alicheka sana dukani. Alisema, huyu kijana amenisahau kabisa. Sijui ni lini hasa aliacha kucheka.

Kabla ya mambo ya uji nilikuwa nimejaribu kuzungumza naye. Nilimuuliza, "Mama, si ni wewe ulimpa dawa na mkono wako?"

"Ni mimi."

"Basi aliponywa na nini?"

Alifikiri kabla ya kunijibu, maana hakuwa mtu wa kujibu ovyo. "Wewe uliona dawa. Mimi nilimwona yeye. Kwa ile kliniki kuna wenye walimeza hizo hizo na tukawazika. Huyu alibaki. Unataka niseme alibaki kwa sababu gani?"

Nilikuwa na vipeperushi vya hospitali, nikavisoma kwa sauti, naye akanisikiliza mpaka mwisho kwa heshima ile anayopewa mtoto anayesoma shairi.

Baada ya kukataa chakula changu, kidole cha mguu kilianza kunuka. Ndipo nilipopata wazo ambalo mpaka leo sijui kama lilikuwa wazo au ni wazimu. Nafundisha Kiswahili, na kwa miaka mingi nimewaandalia wanafunzi michezo ya mashindano ya shule. Mama hakuwahi kukosa hata mmoja. Alikuwa akikaa mstari wa tatu, akilia penye kulia, na siku mbili baadaye bado anazungumzia wale wahusika kama majirani. Nikajiambia kwamba kile anachokataa kusikia kutoka kwangu pengine atakubali akikiona.

Nikaandika wakati wa likizo. Niliandika maisha ya yule mtu kama nilivyoyajua: malori ya mbao, chumba cha mwisho, vidonge, kreti ya soda, redio, magari, kikapu. Onyesho la mwisho nililiandika nikilia, mwanamke akifa mbele ya kikapu kilichojaa dawa alizohitaji. Sikutaja jina, lakini hakuna mtu mjini ambaye angehitaji jina. Nilijua ni uchokozi. Nilitaka uwe uchokozi. Sikuwa nafikiria mji, wala ukweli, wala haki, ingawa baadaye watu walinisifu kwa hayo yote. Nilitaka mtu mmoja arudi kwenye friji.

Wa kumwigiza Askofu alikuwa mmoja tu. Ndugu yangu mdogo alisomea ualimu kama mimi lakini hakupata kazi, akawa anaendesha boda boda. Tangu utotoni aliweza kumwiga mtu yeyote, na Askofu alimwiga kuliko wote, kwa sababu alikua akimsikia kupitia ukutani. Mwanzoni alikataa. Alisema mama hatamsamehe. Lakini yeye ndiye aliyekuwa akimpeleka mama kanisani kwa pikipiki, na Jumapili moja soksi ya mama ilipomvuka njiani, akauona mguu. Alikuja kwangu moja kwa moja, akasimama jikoni na kofia bado kichwani.

"Leta hiyo karatasi," akasema.

Tukakusanya watu wanane, wengi wao wanafunzi wangu wa zamani. Habari zikasambaa kabla hatujamaliza hata wiki ya mazoezi. Ukumbi wa kwanza ulitukataa, tukapata ukumbi wa harusi hapo Pioneer ambao mwenyewe hakuwa anasali kokote. Nilipokea ujumbe kwenye simu kwamba nitakuwa bubu. Mwalimu mkuu aliniita akaniambia, bila kunitazama, kwamba shule haihusiki na nisije nikasema inahusika. Siku nne kabla ya onyesho, dada aliyekuwa ameshika nafasi ya mwanamke wa duka alijitoa, maana wazazi wake walikuwa waumini. Hakukuwa na muda wa kumfundisha mwingine. Mimi ndiye niliyeyajua maneno, kwa hiyo ikabidi nimwigize mama yangu mwenyewe.

Niliomba sweta yake ya kijani. Akaniuliza ni ya nini. Nikamwambia ukweli wote: kwamba nimeandika mchezo kuhusu yule kijana na yeye, na kwamba naomba aje aone. Nilitarajia anifukuze. Badala yake akauliza nani anaigiza kijana. Nilipomtajia ndugu yangu, alitabasamu kwa mara ya kwanza baada ya miezi. "Huyo anaweza," akasema. Akanipa sweta, na kitambaa cha kichwa juu yake.

Ilikuwa Jumamosi saa nane mchana. Ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama madirishani. Waumini walikuja wengi, wamekaa kwa makundi wakiwa wamekunja mikono, na tulijua wamekuja kutuharibia. Mama alikaa mstari wa tatu, mguu wake umeegemezwa kwenye kigoda.

Kwanza mambo yalikwenda vizuri kuliko nilivyoomba. Ndugu yangu alipoanza kukohoa pale kwenye malori, ukumbi mzima ulinyamaza. Alipopanda kwenye kreti na kutoa ile sauti, mgongo wangu ulisisimka nikiwa nyuma ya pazia. Haikuwa dhihaka. Tuliifanyia mazoezi iwe dhihaka, watu wacheke, lakini mbele ya watu alishindwa kuidhihaki au hakutaka. Wale waliokunja mikono wakaikunjua. Nikamsikia mama mmoja dirishani akisema amina, kisha mwingine, na mimi sikuwa nimeandika amina yoyote.

Onyesho la vidonge nililiweka baada ya mahubiri, kama kumbukumbu, ili lijibu mahubiri pale pale. Niliingia na sahani na kikombe. Ndugu yangu alikuwa amelala kwenye mkeka. Nikampa kidonge, nikasema, "Meza nione."

Ndipo mama alipozungumza. Hakupaza sauti, lakini kila mtu alimsikia.

"Si hivyo," alisema. "Hatukuwa tunaanza na dawa. Tulikuwa tunaanza na maombi."

Nilisimama na sweta yake mwilini, sahani mkononi, na maneno yote yakanitoka. Niliyaandika mwenyewe, lakini hata moja sikulikumbuka. Nilimtazama mama, naye alinitazama bila hasira, kama anayemrekebisha mtoto jikoni. Na ilikuwa kweli. Nilikumbuka hapo hapo kwamba ilikuwa kweli. Kila asubuhi walikuwa wakiomba kwanza, dakika moja au mbili, mama amesimama mlangoni na sahani yake. Nilikuwa nimeitoa hiyo sehemu bila hata kujua kwamba nimeitoa.

Ndugu yangu aliinuka kwenye mkeka. Nilifikiri anakuja kuniokoa. Akapiga magoti ukingoni mwa jukwaa, akamwelekea mama, akasema kwa sauti ile ile ya Askofu, "Basi tuombe, Mama."

Mama akainamisha kichwa akaomba. Watu wakasimama. Mstari kwa mstari wakasimama, mikono juu, mpaka wale wasioamini wakabaki wameketi kwa aibu. Aliomba kwa muda mrefu, kwa Kikuyu na Kiswahili, na alipomaliza ukumbi ulikuwa unalia. Onyesho la mwisho, lile la mwanamke na kikapu, hatukulifanya. Hapakuwa na mahali pa kuliweka.

Nyuma ya pazia nilimshika ndugu yangu shati. Nilimuuliza kwa nini alifanya vile.

"Sikujua nifanye nini," alisema. "Ningemwambia akae chini?"

Kufikia Jumatatu video ilikuwa kwenye kila simu mjini. Ilianzia pale mama anaposema "Si hivyo" na kuishia watu wakilia. Wanafunzi wangu walinionyesha darasani, wakinipongeza. Mtu alikuwa ameandika juu yake kwamba hata maadui wa Askofu walipojaribu kumchafua, jukwaa lenyewe lilikataa.

Jumatano mchana Askofu alikuja nyumbani. Magari mawili yalisimama langoni na watu wake wakabaki huko. Yeye aliingia peke yake, amevaa suti ya kijivu. Akapiga magoti kwenye sakafu yetu ya simenti mbele ya kiti cha mama. Akamwita Mama. Akamwambia amekaa miaka mingi bila kuja na kwamba hana la kujitetea. Mama akamwekea mkono kichwani. Uso wake uling'aa vile ambavyo haukuwahi kung'aa kwa ajili yangu wala ndugu yangu, nami nikajua nilikuwa nimeshindwa zamani, kabla ya uji, kabla ya kila kitu. Yule alikuwa mtoto wake aliyekataa kufa.

Alimweleza kwamba angependa mchezo uonyeshwe kanisani Jumapili, wote isipokuwa kikapu na sehemu ya vidonge, ambayo alisema itawachanganya watu wachanga wa imani. Mama akakubali kwa niaba yetu.

Nilimsindikiza nje. Kati ya mlango na lango kuna hatua kama ishirini, nami nilizitumia zote.

"Ulimeza zile dawa miezi minane," nilimwambia. "Nilikuwepo."

"Nilimeza," alisema. Hakukana hata kidogo, na hilo ndilo lililonivunja.

"Basi mwambie. Sentensi moja tu. Kwako atasikia."

Alisimama. "Mwalimu, mimi sijawahi kumwambia mtu yeyote aache dawa. Huwa nauliza ni nani ana imani. Wanazileta wenyewe."

"Sisemi juu ya hao wengine. Nasema huyu."

"Nikimwambia huyu, kesho hao wengine wataniuliza nini?"

Nilipiga magoti kwenye udongo wa murram, na majirani wananiona. Sikujali. Nilimwambia kwamba nitachoma karatasi za mchezo, nitakuja kanisani kwake, nitatoa ushuhuda wowote anaoutaka, nitasema niliota. Akaninyanyua kwa mikono miwili. Nilihisi mikono yake ikiwa na baridi. Kwa muda fulani alionekana kama yule kijana wa chumba cha mwisho, na nikaona kwamba anataka. Naapa nilimwona akitaka. Aligeuka akarudi ndani.

Nilimfuata nikasimama mlangoni. Alichuchumaa mbele ya mama. Akasema, "Mama, mwalimu anaomba urudie dawa."

Mama alimtazama. "Na wewe unasemaje, mwanangu?"

Huko nje dereva aliwasha gari. Askofu alinyamaza mpaka mama akamshika shavu, kumsaidia.

"Imani yako ndiyo inajua," Askofu alisema.

Mama akanitazama juu ya bega lake, kana kwamba ananiuliza kama nimetosheka.

Jumapili ndugu yangu alikwenda. Mama alimwomba, na yeye hakuweza kumkatalia mama anayetembea kwa kuchechemea. Sikwenda. Niliusikia mchezo kupitia kwa jirani aliyefungua redio kwa sauti yote, na kuna mahali nilishindwa kujua ni yupi anayezungumza, Askofu mwenyewe au ndugu yangu.

Siku tisa baadaye nilipigiwa simu wakati wa mapumziko ya saa nne. Mpangaji wa nyumba ya pili alikuwa amemkuta mama sakafuni, anatapika, anazungumza na baba. Nilipofika pumzi yake ilinuka matunda yaliyoiva kupita kiasi. Mguu ulikuwa mweusi mpaka kwenye kifundo. Jirani alitupeleka hospitali kwa gari lake, kichwa cha mama kwenye mapaja yangu, mama akiniambia niwahi kufungua duka la West Indies.

Walimwekea dripu, wakamtia insulini, na hakuna aliyemwomba ruhusa. Siku ya pili aliamka. Akatazama mrija mkononi, akanitazama.

"Wamenidunga?"

"Ndiyo, Mama."

"Sawa," alisema.

Nimelifikiria neno hilo kuliko kitu chochote nilichowahi kusoma. Sijui kama alikuwa anashukuru, au anakubali, au ananisamehe, au alichoka tu. Nilikuwa na nafasi ya kumuuliza na sikumuuliza, kwa sababu niliogopa atabadilisha mawazo. Madaktari walitaka kukata mguu asubuhi iliyofuata. Sumu ilikuwa imeshaingia kwenye damu. Alifariki kabla ya asubuhi hiyo kufika.

Tulimzika kwenye shamba la Timboroa, katika ile baridi ya huko inayopenya hata koti. Askofu alikuja na vyombo vya sauti vya kanisa na hema. Ndugu yangu hakutaka kuzungumza, kwa hiyo mimi, kifungua mimba, nikapewa kipaza sauti kabla ya mahubiri. Nilikuwa nimeandika. Nilikuwa nimekesha siku mbili nikiandika. Nilisema yote, kwa utaratibu, kama ninavyofundisha. Kwamba mama alimtoa mtu huyu kwenye malori hapa hapa, akamlisha dawa miezi minane kwa mkono wake, kwamba dawa zilimponya, kwamba mama naye alikuwa na dawa na zingemweka hai, kwamba aliziacha kwa sababu ya kikapu cha mtu huyo.

Nilipomaliza nilikunja karatasi. Kisha mtu katikati ya umati akasema amina. Wakafuata wengine, hadi hema lote likasema amina, baadhi wakipiga makofi na machozi yanatiririka. Walikuwa wamesikia kila neno. Walisikia jinsi mama alivyompenda, na jinsi alivyoshika imani mpaka mwisho. Askofu alichukua kipaza sauti mkononi mwangu, akiwa analia kweli, akasema, "Huyu ndiye aliyeniombea nikapona." Na baada ya kuuona ule mchezo kwa macho ya mama, siwezi hata kusema alidanganya.

Nilikwenda kituo cha polisi, nikaandikisha malalamiko. Afisa aliyenipokea alikuwa mtu mwema. Alinieleza kwamba marehemu alikuwa mtu mzima, mwenye akili timamu, na hakuna shahidi anayeweza kusema alikatazwa dawa. Akaniuliza kama kuna mtu aliyemsikia Askofu akimwambia aache. Nilikuwa nimesimama mlangoni siku ile, na nilichosikia ni kile nilichosikia. Nikasema hapana.

Ndugu yangu aliendelea kwenda kanisani miezi miwili mingine. Walimpa kipindi cha asubuhi redioni. Halafu akaacha, akarudi kwenye pikipiki, akaja kwangu Jumamosi moja tukala ugali na sukuma wiki bila kusema mengi. Nilimuuliza ilikuwaje huko. Alisema mambo yalikuwa sawa, watu walimheshimu. Ila siku moja mzee alimpigia simu akiwa hewani, akamwambia ana shinikizo la damu na leo ni siku yake ya tatu bila vidonge, anaomba maombi. Akamwombea. Alisema alipotoka studio alipanda pikipiki, akazunguka mji mpaka mafuta yakaisha, akitafuta namna ya kumpata yule mzee. Mzee hakuwa ameacha nambari.

Sasa Askofu anataka kiti cha siasa, na picha zake ziko kila nguzo kuanzia Pioneer hadi mjini. Mwezi uliopita watu wa mpinzani wake walikuja shuleni. Walikuwa na adabu, waliniita Mwalimu, walisema wameona video na wanaamini mchezo ule haukutendewa haki. Walitaka tuufanye tena, uwanjani, na kikapu kiwepo, na kifo cha mama kiwekwe mwishoni. Walitaka sana yule aliyeigiza. Nilimpigia ndugu yangu simu wakiwa wameketi pale pale ofisini, nikamweleza. Akaniuliza nani ataigiza mama. Niliwageukia wale wageni nikawauliza swali hilo hilo. Mmoja wao, aliyekuwa ameshika daftari, akasema hiyo si shida, watatafuta mtu.

Niliwaambia hapana. Walinishukuru kwa muda wangu, wakaniachia karatasi yenye nambari yao, nami nikaenda darasani. Ilikuwa zamu ya kidato cha pili, insha.